Wazee Wawili Ndani ya Sumaku

Nilikuwa muuguzi wa kituo cha afya cha Buleusa, na kazi niliyoijua kuliko zote ilikuwa kuwaingizia wazee sonde, ule mpira wa kutolea mkojo. Mzee akishindwa kukojoa siku nzima, tumbo limekaza na jasho linamtoka, watu wa nyumbani kwake waliniulizia mimi, ingawa wauguzi wanaume walikuwepo. Walisema mkono wangu ni mwepesi na sitoi nje mambo ya mtu. Nilizungumza na mzee habari za mihogo na mvua huku nikifanya kazi, na mkojo ulipoanza kuteremka niliona wanaume wakubwa wakitoa machozi ya nafuu.

Mwili wa baba yangu mwenyewe sikuujua. Kwetu binti haulizi baba yake anakojoa vipi, hata kama hiyo ndiyo kazi ya binti huyo.

Baba alikuwa mkulima wa Ngungu, kwenye milima ya kusini mwa Masisi. Mama alikuwa ameshakufa, na ndugu yangu mmoja alikuwa anaishi mbali. Mwaka ule vita ilipopanda tena hadi mashambani kwetu, baba aliacha maharagi yakiwa karibu kukauka, akashuka kwa miguu mpaka Shasha, kando ya ziwa. Hapo alipata nafasi juu ya kamio, lori la mfanyabiashara mmoja wa Butembo. Mtu huyo alikuwa na duka Buleusa, na kwa miaka mingi alikuwa akinunua maharagi ya baba. Ndiye aliyemfikisha kwangu, amefunikwa turubai pamoja na magunia ya chumvi.

Wale wawili walikuwa wa umri mmoja na walielewana. Mfanyabiashara alikuwa Mkatoliki, anavaa rozari chini ya shati. Baba alikuwa wa kanisa letu la Kiprotestanti, hapendi rozari wala sanamu, lakini alipenda kukaa mbele ya lile duka na kubishana juu ya bei ya mbegu.

Baada ya wiki chache nilianza kuona mambo. Kanisani baba alitoka mara tatu kabla mahubiri hayajaisha. Alianza kukataa chai, yeye aliyekuwa akinywa vikombe vinne. Akikaa, alikaa upande mmoja tu wa makalio, lakini hilo nilikuwa nimelizoea tangu utoto na sikulifikiria. Lililonitia wasiwasi lilikuwa lile la choo. Alikwenda, akakaa huko muda mrefu, akarudi uso umekunjamana, na baada ya dakika kumi alikwenda tena.

Nilijaribu mara moja. Nilimwambia, "Papa, mwili uko muzima?"

"Iko muzima," alisema, na akachukua jembe.

Basi nilikwenda dukani. Mfanyabiashara alikuwa anakunja vitenge na kuvipanga kwenye rafu.

"Papa, nakuomba kitu moja," nilimwambia. "Unisemeshee baba yangu. Mimi siwezi."

"Juu ya nini?"

"Kukojoa kwake. Inamusumbua na hasemi."

Aliendelea kukunja kitenge mpaka pembe zikalingana. Kisha akasema, bila kunitazama, "Na mimi, nani atanisemesha?"

Asubuhi iliyofuata walikuja wote wawili kituoni, wamevaa makoti kama watu wanaokwenda kuposa. Sikujua waliambiana nini, na mpaka leo sijui. Niliwatoa damu kwa kipimo cha prostati, ile tezi dume inayokaa chini ya kibofu cha mwanaume. Chupa mbili ziliondoka na dereva wa mfanyabiashara hadi laboratwari ya Goma. Majibu yaliporudi, yote mawili yalikuwa juu kuliko inavyotakiwa, na hayakutofautiana sana.

Tulikwenda Goma kumwona daktari wa upasuaji. Aliwapiga ekografi, ile picha ya tumbo kwa mawimbi ya sauti, akakuta kila mmoja tezi yake imevimba. Akanikalisha peke yangu, muuguzi kwa muganga.

"Ekografi inaniambia tezi iko kubwa," alisema. "Haiwezi kuniambia kama ndani muko kansere. Mbeleni tulikuwa tunachoma sindano kumi na mbili, tunatoa vipande vya nyama, lakini tunachoma bila kuona. Unaweza kupita kando ya ugonjwa, muntu anarudi nyumbani anasema eko muzima, kumbe ugonjwa tumeuacha pale pale. Kama munaweza kufika Kigali, waanze na IRM. Ile inaona mbele ya sindano kuingia."

IRM nilikuwa nimeisoma tu shuleni: mashine inayotumia sumaku kubwa kupiga picha za ndani ya nyama. Sikuwahi kuiona. Baba aliuza ng'ombe wake wawili aliokuwa amewaacha kwa rafiki yake mjini Sake, mfanyabiashara alipanga mambo yake, nasi watatu tukavuka mpaka wa nchi kwa basi hadi Kigali, asubuhi yenye jua. Nilikuwa nimebeba karatasi zote kwenye mfuko wa plastiki. Sikuwa na hofu. Nilikuwa na kitu ambacho kwa miaka ya vita nilikikosa mara nyingi: nilijua hatua inayofuata.

Daktari wa picha alikuwa mwanamke wa umri wangu. Kiswahili chake kilikuwa cha Dar es Salaam, alikosomea, na wazee wangu walikisikiliza kama watu wanaosikiliza redio. Alitueleza sisi watatu pamoja.

"Tuna njia mbili," alisema. "Ya kwanza ni fupi, kama robo saa. Napiga picha za aina mbili. Moja inaonyesha umbo la tezi. Nyingine inaonyesha jinsi maji yanavyotembea ndani ya nyama. Penye kansa, nyama imebanana na maji yanakwama, kwa hiyo panajitokeza. Hapo sichomi sindano yoyote. Njia ya pili ni hiyo hiyo, lakini naongeza picha za aina ya tatu. Nachoma dawa mshipani, halafu natazama sehemu gani ya tezi inaipokea haraka. Kansa huwa inainywa mapema kuliko nyama nzima. Hiyo inachukua zaidi ya nusu saa, na lazima kwanza nijue figo zako ziko sawa."

"Basi mimi unipe ile ndefu," mfanyabiashara alisema. "Kama iko na vitu tatu, iko muzuri kupita ya vitu mbili."

"Mimi fupi," alisema baba. "Nisikae mule sana."

Daktari alitabasamu. "Wazee wengi, zile picha mbili zinanitosha. Zikitoka safi, dawa haiongezi kitu kikubwa. Naanza na njia fupi kwa kila mtu. Nikiona picha zimeharibika, au kuna sehemu inayonitia shaka na siwezi kuamua, hapo naongeza dawa. Mtu hachagui kama nguo dukani. Picha ndiyo inachagua."

Mfanyabiashara, ambaye maisha yake yote alikuwa ameuza nguo dukani, hakuridhika.

Kisha akaja fundi wa mashine, kijana mpole mwenye karatasi ya maswali. Alianza na baba. Una mashine ya moyo? Hapana. Uliwahi kufanyiwa upasuaji? Hapana. Una chuma chochote mwilini, msumari wa mfupa, kipande cha bomu, risasi? Mashine hii ni sumaku, inavuta chuma.

"Hapana," baba alisema. "Sina kitu."

Alisema kwa sauti ile ile niliyomsikia akiitumia barabarani, kila tulipokutana na bariere, kamba iliyofungwa njiani na watu wenye bunduki. Umebeba nini, mzee? Sina kitu. Fundi aliweka alama na kutaka kuendelea. Mfanyabiashara, aliyekuwa amekaa pembeni ya baba, alikohoa.

"Muzee," alisema taratibu, "hapa haiko bariere."

Baba alitazama sakafu. Fundi aliinua kalamu. Mimi niliwatazama wote wawili, sielewi.

"Ile sumaku inavuta chuma," mfanyabiashara aliendelea. "Kijana amesema. Mwambie, ao mimi nitamwambia."

"Iko moja," baba alisema mwishowe. "Ya risasi. Iko hapa nyuma." Na akagusa kalio la kushoto, lile ambalo tangu utoto wangu nilimwona halikalii.

Fundi aliweka kalamu chini. Hakukasirika. Alisema tu, "Asante, mzee. Umefanya vizuri kusema," kisha akaenda kumwita daktari. Waliamua wampige radio kwanza, ile picha ya eksirei, waone risasi imelala wapi. Tulingoja kwenye benchi la ukumbi. Mfanyabiashara aliondoka kwenda kununua maji, ingawa chupa yake ilikuwa bado imejaa, na nilimshukuru moyoni.

"Papa," nilisema, "lini?"

"Siku tulikimbia kutoka juu ya mulima. Ulikuwa na myaka sita. Ulikuwa mbele na mama yako. Ilinipata, nikaanguka mu maharagi, nikasimama, nikawafuata. Mama yako njo alinifunga na kitenge."

"Ulituambia ulianguka juu ya kisiki."

"Njo nilivyosema, ndiyo."

Kisiki chenyewe alikuwa ametuonyesha. Kilikuwa kando ya njia ya mtoni, na kwa miaka mingi mimi na ndugu yangu tulikuwa tukikipiga teke kila tukipita, kwa hasira ya kumuumiza baba.

"Kwa nini hukusema? Hata nilipokuwa muuguzi?"

"Ile wakati, mwanaume mwenye alama ya risasi, hawa wanasema iko wa wale, wale wanasema iko wa hawa. Wote wanaweza kukuua. Na mutoto njo anasemaka kila kitu. Basi nilifunga kinywa. Kisha nikazoea. Muntu akifunga kinywa myaka mingi, hajui tena gisi ya kufungua." Akanyoosha mguu wa kushoto. "Na hii ya mukojo, njo vilevile."

Niliweka mkono juu ya goti lake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, naye hakuliondoa.

Picha ya radio ilionyesha kichwa cha risasi kimelala ndani ya msuli, karibu na mfupa wa nyonga, mbali na mishipa mikubwa. Daktari aliiweka kwenye taa akaiangalia kwa muda. Alisema kwamba ingekuwa jichoni au kando ya uti wa mgongo angekataa kabisa. Hii ilikuwa imekaa miaka mingi na nyama ilikuwa imeifunga.

"Haiwezi kutembea mbali," alimwambia baba. "Lakini sumaku inaweza kuivuta kidogo, au ukasikia joto. Nitakuwekea kimpira mkononi. Ukisikia chochote, kibonyeze, natoa kitanda mara moja. Unakubali, au tutafute njia nyingine?"

"Nimekubali," baba alisema.

Mfanyabiashara aliingia wa kwanza. Aliacha rozari kwangu, na mkanda, na meno mawili ya bandia ambayo sikujua kama anayo. Baada ya robo saa alitoka akilalamika kwamba mule ndani watu wanapiga mabati. Daktari alikuwa ameniruhusu kukaa naye chumba cha pili, nyuma ya kioo, kwa sababu nilikuwa muuguzi na nilikuwa nimemwuliza maswali mengi. Picha za mfanyabiashara zilikuwa safi. Tezi ilikuwa kubwa, imejaa vinundu vya uzee, lakini maji yalikuwa yanatembea kila mahali vizuri.

"Huyu tumemaliza," alisema daktari. "Siyo kansa. Ni uvimbe wa kawaida wa umri, unatibika kwa vidonge. Damu yake tutaendelea kuipima."

Kisha baba. Nilimwona miguu tu, soksi zake za kijivu zilizotoboka kidoleni. Kitanda kiliingia polepole. Daktari aliongea naye kwenye kipaza sauti kila baada ya muda mfupi, "Mzee, unaendelea vizuri?" na sauti ya baba ilirudi, "Vizuri," na mara moja, "Inanivuta kidogo, lakini hainiumi." Mkono wa daktari ulisogea karibu na kitufe. "Tuache?" "Endelea," baba alisema.

Picha za kwanza, zile za umbo, zilitoka vizuri. Upande wa kushoto wa tezi, nyuma, palikuwa na doa la kijivu. Daktari alisema linaweza kuwa kansa, linaweza pia kuwa kovu la ugonjwa wa zamani. Picha ya maji ndiyo ingeamua. Ilipotokea kwenye skrini, hata mimi niliona kwamba haifai. Upande wote wa kushoto ulikuwa umepinda na kuwa mweusi, kama karatasi iliyopita motoni. Chuma kilikuwa kimeiharibu.

"Hapa njia fupi haiwezi kunisaidia," alisema. Hakusikitika. Alisema kama fundi anayeweka chini spana moja na kuchukua nyingine. "Figo zake ziko sawa, damu tuliipima asubuhi. Tunachoma dawa."

Fundi aliingia akamchoma baba sindano ya mkono. Mashine ikaanza tena. Picha zilikuja moja baada ya nyingine, tezi ile ile, na kila picha ilikuwa inang'aa zaidi kidogo. Chuma kilikuwa kimezigusa hizi pia, lakini si sana. Katika picha ya tatu au ya nne lile doa la kijivu liliwaka peke yake, nyama ya jirani ikiwa bado giza. Daktari aliweka ncha ya kalamu kwenye skrini.

"Hapa," alisema.

Nimeshatazama wagonjwa wengi wakipewa habari mbaya. Hii ilikuwa habari mbaya, nami nilijua. Lakini niliposikia lile neno nilijisikia nimesimama penye ardhi ngumu, sizami. Kwa mara ya kwanza ugonjwa wa baba ulikuwa na mahali pake, padogo, mtu anaweza kuuelekezea kidole.

Mfanyabiashara, alipoambiwa kwamba mwenzake amechomwa dawa na yeye hapana, alirudi kwenye madai yake. "Mbona yeye amepata vitu tatu na mimi mbili? Kama yangu mimi haikuonekana?"

"Picha zako zilisema kila kitu, baba," daktari alimjibu. "Dawa ingepita mwilini mwako bure. Za mwenzako ziliharibiwa na risasi, ndiyo maana niliiongeza. Kama ninyi wawili mngepita njia moja, mmoja wenu angekosewa."

"Sasa nimeelewa," mfanyabiashara alisema, na nadhani alielewa kweli, kwa sababu baadaye nilimsikia akiwaeleza watu Buleusa vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi.

Mengine yalifuatana. Sindano zilichomwa mahali palipoonekana tu, chache, na nyama ile ilikutwa na kansa. Ilikuwa bado ndani ya tezi, haijatoka. Baba alipasuliwa katika mji ule ule na tezi ikatolewa. Mfanyabiashara alimwachia dereva kamio, akabaki na baba siku za kwanza, wanabishana juu ya mbegu mpaka muuguzi wa wodi akawaomba wanyamaze. Risasi iliachwa palepale. Daktari wa upasuaji alisema haimzuii kitu, na kuitafuta kungemletea kidonda kipya bila faida.

Siku ya kutoa sonde aliyowekewa baada ya upasuaji tulikuwa tumesharudi Goma, kwenye nyumba ya rafiki. Nilimwambia baba kwamba naweza kumwita muuguzi mwanaume.

"Wewe unafanyaka hii kazi?" aliniuliza.

"Kila wiki, Papa."

"Basi fanya."

Niliifanya kama ninavyoifanya kila mara. Nilimwambia avute pumzi, akavuta, na ikaisha. Kwa miezi kadhaa mkojo ulikuwa ukimponyoka akikohoa au akiinua jembe, na hilo lilimwudhi, lakini sasa aliniambia bila kuzunguka: leo mara mbili, jana mara moja. Nilimfundisha kukaza misuli inayozuia mkojo, akafanya kwa bidii, akiwa amekaa, uso mzito kama mtu anayesali. Ikapungua, ikawa kidogo, akaizoea.

Njia ya Ngungu ilipofunguka alirudi kwake. Jumapili ya pili alisimama kanisani wakati wa shukrani. Mimi nilikuwa nimemsindikiza, nimekaa upande wa wanawake. Nilidhani atasema Mungu amemponya, akae. Alisema hayo. Kisha akasema, "Ugonjwa wangu ulikuwa wa prostati. Nilikuwa nakojoa kwa taabu, nikaficha. Nilikuwa na risasi, nikaficha. Mwanaume wa umri wangu mwenye anasumbuka, aende kwa binti yangu, eko pale." Na akanielekezea. Wanawake waliokuwa karibu nami waliinamisha vichwa. Hakuna aliyecheka.

Kesho yake wanaume walikuja nyuma ya kanisa, mmoja mmoja, kila mmoja akijifanya anapita tu. Jumla walikuwa kumi na moja. Niliwatoa damu wote juu ya benchi la darasa la watoto. Baba alikaa mlangoni kuwapanga, na aliyetaka kugeuka nyuma alimwambia, "Kaa, haiumi." Majibu yaliporudi kutoka Goma, mmoja alikuwa amechelewa. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia mifupani, nasi tulichoweza kumpa ni dawa za kupunguza uchungu na mtu wa kukaa naye. Wengine wawili majibu yao yalikuwa juu. Niliwaandikia barua za kwenda Goma, na kwenye kila barua niliandika kwa herufi kubwa swali ambalo fundi wa sumaku atawauliza, lile la chuma, nikawataka wanijibu kabla hawajaondoka.

Wa kwanza alisema hana chuma chochote. Wa pili alimtazama baba, akamtazama tena, kisha akapandisha mkono wa shati lake mpaka begani, palipokuwa na kovu.